Usiku wa kukesha unafuta kilichosomwa mchana

Kadiri Novemba inavyokaribia, maswali kuhusu mtihani wa kidato cha nne yanazidi kunifikia, na mengi yanafanana. Mama anauliza ampe binti yake nini asisinzie. Kijana anataka kujua kama usingizi wa saa 3 unatosha ikiwa amebakiza mada nyingi. Mwingine ameambiwa bwenini kwamba ukiloweka miguu kwenye beseni la maji baridi, unachosoma usiku huo hakitoki kichwani. Wote wanaamini kwamba kusoma hufanyika mtu akiwa macho tu, na kwamba kila saa ya kulala ni saa iliyopotea. Ndicho chanzo cha watoto wengi wenye bidii kuingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa weupe.

Beseni kwanza, kwa sababu nalisikia kila mwaka. Maji baridi yanafumbua kope, basi. Hayaongezi hata chembe kwenye kumbukumbu.

Kahawa nayo inadanganya kwa namna yake. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na ndiyo inayoleta uzito wa usingizi. Kafeini hukalia nafasi ambazo adenosini ingejishikiza, hivyo ubongo hauusikii uchovu, ingawa uchovu wenyewe upo na unaendelea kulimbikizwa. Mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini uliyokunywa. Aliyekunywa saa 3 usiku, nusu yake bado inamzunguka saa 8 usiku. Hata akilala, usingizi wake mzito umeharibiwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinafanya hayohayo, tena na sukari nyingi juu yake.

Kinachopotea hapo ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Unaposoma jinsi figo inavyochuja damu, habari hiyo hushikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo. Hipokampasi hujifunza haraka, lakini si ghala la kudumu. Hifadhi ya muda mrefu iko kwenye gamba la ubongo, na gamba hujifunza polepole, kwa kurudiwa jambo lilelile mara nyingi. Nani basi anayelirudia, wakati mwanafunzi amesoma ukurasa mara moja tu?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1994, kwa panya. Matthew Wilson na Bruce McNaughton, watafiti wa Marekani, walipachika nyaya nyembamba kwenye hipokampasi za panya na kusikiliza seli zao za neva. Panya anapotembea, kila seli ya aina fulani hupiga anapofika mahali pake: hii kwenye kona, ile katikati ya njia. Panya walipolala baada ya kazi, seli zilizokuwa zimepiga pamoja njiani zilianza kupiga pamoja tena. Ubongo ulikuwa unaipitia upya safari ya mchana. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata mpangilio hufuatwa, kwanza kona ya kwanza kisha ya pili, ila kwa kasi kubwa mno. Marudio hayo huja ndani ya mawimbi mafupi ya umeme yasiyomaliza hata sehemu ya kumi ya sekunde, na hutokea kwa wingi katika usingizi mzito.

Mwenye shaka atasema labda ni sadfa tu. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa na Marekani wakalikata shauri hilo. Kila wimbi la namna hiyo lilipoanza baada ya mafunzo, walilikatiza kwa mshtuko mdogo wa umeme. Panya wengine walipewa mishtuko kama hiyo, lakini nje ya mawimbi. Makundi yote mawili yalilala. Waliokatizwa marudio ndio walioshindwa kujifunza njia vizuri. Kila ninapoisimulia kazi hii nashangaa upya: mnyama amefundishwa, amelala, na bado somo limeharibika kwa sababu ya kunyimwa vijisehemu hivyo vya sekunde.

Sasa mfikirie mwanafunzi aliyesoma biolojia, jiografia na hesabu kutwa nzima, kisha akakesha. Ameyaweka yote kwenye hipokampasi na akayanyima nafasi ya kuhamia gambani. Na kesho yake hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakesheza vijana usiku mmoja, kisha wakawaonyesha picha. Walipopimwa baada ya kulala vya kutosha kwa siku mbili, bado walikumbuka picha chache kuliko wenzao, kwa kuwa hipokampasi zao zilipokea kidogo tangu mwanzo. Usingizi wa baadaye haukuweza kurudisha kile ambacho hakikuingia. Huko Los Angeles nako, wanafunzi 535 wa sekondari waliofuatiliwa kwa siku 14 walionyesha jambo hilohilo: siku waliyoongeza muda wa kusoma kwa kupunguza usingizi ilifuatiwa na siku ya kutoelewa masomo au kuharibu jaribio.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Halafu tuna shule za bweni zenye prepo hadi saa 5 usiku na kengele ya kuamka saa 10 alfajiri. Hesabu mwenyewe. Katika balehe, homoni ya melatonini huanza kutoka kwa kuchelewa usiku, kwa hiyo kijana asiyepata usingizi mapema na kuamka kwa shida hana uvivu. Saa ya mwili wake imesogea.

Katika hofu hii ya mtihani wamejipenyeza matapeli. Kuna wanaouza kalamu zilizofanyiwa dawa, na wanaouza vidonge vya kuongeza kumbukumbu, wengine wakiwa wamevaa makoti meupe. Kwa mtoto mwenye afya anayekula vizuri, sijaona kidonge chochote kilichothibitishwa kumfaulisha. Anayemuuzia mzazi mwenye hofu kitu kama hicho anamwibia, na naomba muache kuwapa hela zenu. Binti anayechoka na kuishiwa pumzi apelekwe kituo cha afya akapimwe damu, maana upungufu wa damu unavuruga kweli umakini, na unatibika.

Kuhusu namna ya kusoma: acheni kusoma daftari lilelile tena na tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwagawa wanafunzi katika makundi. Wengine walisoma habari mara nne. Wengine mara moja, kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Funga daftari, andika, kisha fungua ujisahihishe. Rudia mada kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Changanya masomo mawili au matatu kwa siku, pumzika dakika 10 kila unapomaliza kipande, cheza au tembea jioni, simu ilale chumba kingine. Usingizi wa dakika 20 mchana unafaa. Wazazi, binti asiachiwe vyombo na kupika hadi saa 4 usiku huku kaka yake akiwa mezani na vitabu.

Na yule aliyeniuliza afanye nini ikiwa zimebaki wiki mbili na hajaanza: chukua mitihani ya miaka iliyopita, tia alama mada zinazojirudia, anza na zile unazozijua nusu, na ziache zile ambazo hujazigusa kabisa. Soma hadi saa 3 na nusu usiku. Saa 4 uwe kitandani, hata siku ya kuamkia mtihani wa hesabu.