Kubashiri Kufichwa kwa Nyota na Miezi ya Mbali: Mfano wa Triton

Mwezi wa sayari ya mbali unapopita mbele ya nyota, mwanga wa nyota hiyo hukatika kwa sekunde au dakika chache, kisha hurejea. Kwa kuwa nyota iko mbali mno, miale yake hufika ikiwa sambamba, na kivuli kinachoanguka juu ya Dunia huwa na upana unaolingana na ule wa mwezi wenyewe. Aliye ndani ya kivuli huona nyota ikizimika. Aliye nje ya ukingo wake haoni lolote. Kazi ya ubashiri ni kujua mapema kivuli kitapita wapi na saa ngapi.

Triton, mwezi mkubwa wa Neptuni, unafaa kuwa mfano. Kipenyo chake ni takriban kilomita 2,700, nao uliwahi kutembelewa na chombo kimoja tu, Voyager 2, mwaka 1989. Tangu hapo, habari za angahewa yake nyembamba ya naitrojeni zimetegemea sana matukio ya aina hii. Angahewa hupinda mwanga wa nyota, hivyo nyota haizimiki ghafla bali hufifia taratibu, na jinsi inavyofifia hueleza kanieneo na halijoto. Upimaji wa miaka ya 1990 ulidokeza kwamba kanieneo ilikuwa imepanda tangu 1989. Je, iliendelea kupanda? Jibu lilihitaji nyota ang'avu vya kutosha, na nyota kama hiyo ilipatikana tarehe 5 Oktoba 2017.

Ubashiri huu una pande mbili, na kila upande una kosa lake. Digrii moja ina sekunde za pembe 3,600, na kila sekunde ina milisekunde 1,000. Kwa umbali wa Neptuni, takriban kilomita bilioni 4.3, kosa la milisekunde moja husogeza kivuli kwa kilomita 21 hivi juu ya Dunia. Orodha za nyota zilizotokana na darubini za ardhini zilikuwa na makosa ya makumi ya milisekunde. Milisekunde 50 ni zaidi ya kilomita 1,000, yaani robo tatu ya nusukipenyo cha Triton: tofauti ya kuwa katikati ya kivuli au karibu na ukingo wake.

Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013, kilibadili upande wa nyota. Kabla ya tukio la 2017 wasimamizi wake walitoa mapema vipimo vya nyota zilizo katika njia ya Triton, ingawa orodha kamili ilitarajiwa Aprili 2018. Uamuzi huo wa kiutawala ulikuwa na uzito sawa na hesabu zenyewe.

Upande wa mwezi ni mgumu zaidi. Mahali pa Triton ni jumla ya mahali pa Neptuni na mzingo wa Triton kuizunguka Neptuni kwa siku 5.9. Neptuni huchukua miaka 165 hivi kulizunguka Jua, na tangu igunduliwe mwaka 1846 imekamilisha mzunguko mmoja tu. Ndiyo maana kila tukio linalonaswa hutumika mara mbili: hutoa habari za angahewa, na pia hupima mahali pa mwezi kwa usahihi unaoboresha ubashiri unaofuata.

Mwaka 2017 kivuli kilipita kwa kasi ya takriban kilomita 17 kwa sekunde, kikigusa Ulaya, Afrika Kaskazini na mashariki mwa Marekani. Makumi ya vituo vilifaulu, vingi vikiwa vya wanafalaki wasio wa kulipwa. Baadhi, vilivyokuwa karibu kabisa na mstari wa kati, viliona mmweko wa kati, yaani mwanga uliokusanywa na angahewa kana kwamba ni lenzi. Kanieneo ya usoni ilikadiriwa kuwa pascal 1.4, karibu na ile ya 1989. Ongezeko lililodokezwa, kama lilikuwapo, halikudumu.

Kwa miezi midogo uvumilivu wa makosa ni finyu zaidi. Phoebe, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 213 hivi, ulinaswa ukificha nyota mwaka huo huo nchini Japani. Kosa la milisekunde 50 lingekipeleka kivuli chake zaidi ya kilomita 300 kando, mbali na kila darubini iliyokingojea.

Afrika haijawa mtazamaji tu. Tarehe 14 Novemba 2003 Titan ilificha nyota mbili. Tukio la kwanza lilipimwa kusini mwa Afrika na visiwani mwa Bahari ya Hindi, miezi 14 kabla ya chombo cha Huygens kutua huko. Agosti 2018 wanasayansi wa Senegali walishirikiana na timu ya New Horizons kunasa kivuli cha gimba dogo lililoko nje ya Neptuni. Afrika Mashariki ina fursa ya ziada: miaka hii Neptuni iko karibu na ikweta ya anga, na kwa mtazamaji wa Kampala au Nairobi hupita karibu na utosi. Vifaa si vya kutisha. Kwa nyota ang'avu kiasi, darubini ya sentimita 20 hadi 30, kamera nyepesi na saa inayoongozwa na GPS hutosha. Saa ndiyo isiyostahili kubanwa bajeti, kwani kwa kasi ya Triton kosa la sekunde moja ni kilomita 17.

Kinachokwamisha ni mawingu na mipaka. Vituo hupaswa kutawanywa ili wingu moja lisiangamize kazi yote, na ubashiri wa mwisho hutolewa siku chache tu kabla ya tukio, mstari wa kati ukiwa huenda umehama kutoka wilaya moja hadi nyingine, au nchi moja hadi nyingine. Kibali cha forodha cha kuvusha darubini kwa muda kinahitaji kuwa tayari kabla ya hesabu hizo kukamilika.