Hamu Inayotulizwa: Dawa za Kuwasaidia Wanaoacha Pombe na Namna ya Kukabili Maudhi Yake

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo pombe haihitaji kutafutwa mbali. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa majani, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja au mbili kinywaji huwa tayari: lubisi kwa wengi wa Kagera, urwagwa kwa Wahangaza wanaopakana na Burundi. Kinywaji hicho hupokea wageni, husindikiza mahari, huwashukuru majirani waliosaidia kulima, na hukaa katikati ya watu wakati wa matanga. Kando ya barabara ya malori iendayo Rusumo, kuanzia Lusahunga hadi Benaco, bia za chupa nazo hazikosekani. Na gongo, ingawa imepigwa marufuku, ina wanywaji wake.

Wengi hunywa na kurudi nyumbani salama. Wapo wasioweza. Mtu wa namna hiyo amekwisha kuapa mbele ya wazee, akaapa tena kanisani au msikitini, na kila mara kiapo hakikuvuka wiki. Jamii humwita mlevi asiye na aibu. Tabibu humwona mgonjwa. Baada ya miaka ya unywaji mkubwa, ubongo huwa umejifunza kuihesabu pombe kama hitaji, sawa na chakula. Harufu ya mtungi au sauti za marafiki kilabuni hutosha kuamsha hamu ambayo nia peke yake huishinda kwa shida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Ugonjwa wenye uzito huo unastahili tiba, na sehemu mojawapo ya tiba hiyo ni dawa za vidonge.

Hatari ya kuacha ghafla

Kabla ya kuzungumzia dawa za hamu, lipo jambo linaloweza kugharimu uhai. Familia iliyochoka huweza kumfungia mnywaji chumbani siku tatu ili pombe imtoke. Kwa aliyezoea kunywa kidogo, hilo huishia kwenye kutetemeka na kukosa usingizi. Kwa aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, hasa yule anayetetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza, kuacha ghafla ni hatari kubwa. Degedege huweza kumpata katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, kupandwa na homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo huua.

Mgonjwa wa aina hiyo huachishwa pombe hospitalini. Huko hupewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini ya thiamini ili kuukinga ubongo. Dawa za hamu hazifanyi kazi hiyo, na anayezimeza akidhani zitamzuia kupata degedege amejidanganya.

Dawa tatu, kazi tatu

Dawa zinazotumika zaidi duniani ni tatu. Mbili kati yake, naltreksoni na akamprosati, ziliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Naltreksoni huziba vipokezi vya ubongo ambavyo kwavyo pombe huleta raha. Anayeitumia akinywa hukuta kinywaji kimepoa: glasi ya kwanza haimwiti kwa nguvu kwenda kwenye ya pili. Kipimo cha kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku, na huweza kuanzwa hata kabla mtu hajaacha kabisa.

Akamprosati hutuliza ubongo uliozoea pombe na sasa umeikosa. Hufaa zaidi kwa aliyekwisha kuacha anayetaka asirudi. Humezwa mara tatu kwa siku, na ugumu wake mkubwa ni huo wa kukumbuka. Kwa kuwa haichakatwi na ini, huweza kumfaa mwenye ini lililodhoofika. Bali hutolewa nje na figo, na hivyo figo hupimwa kwanza.

Disalfiramu ni ya zamani zaidi. Athari yake juu ya pombe ilielezwa na watafiti wa Denmark mwaka 1948. Haipunguzi hamu; hufanya kazi kwa hofu. Aliyeimeza akinywa, uso humwiva, kichwa humgonga, hutapika, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu huweza kushuka vibaya. Athari hiyo huweza kutokea hata wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Kwa sababu hiyo ni kosa kubwa kumwekea mtu dawa hii katika chai au uji bila yeye kujua, hata kama mkono unaoweka ni wa mke mwenye uchungu. Siku atakapopita kilabuni, siri hiyo inaweza kumuua.

Je, dawa hizi zinasaidia kiasi gani? Uchambuzi wa tafiti 118 uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kati ya kila watu 11 wanaopewa akamprosati, mmoja zaidi hubaki bila kurudia pombe kuliko ambavyo ingekuwa bila dawa. Kwa naltreksoni ya miligramu 50, hesabu ni kama hiyo kwa kurudia unywaji mkubwa. Huo si muujiza, lakini ni msaada wa kweli, na hukua pale dawa inapoambatana na ushauri nasaha.

Wiki mbili za mwanzo

Wengi wanaoshindwa tiba hii hushindwa mapema. Mtu humeza naltreksoni asubuhi bila kula, kichefuchefu kikampata shambani, akahitimisha kuwa dawa ni sumu. Jirani akamwambia glasi moja itatuliza tumbo. Tiba ikaishia hapo.

Maudhi ya naltreksoni yanayotokea mara nyingi ni kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kizunguzungu, uchovu, kukosa hamu ya chakula na usingizi kuvurugika. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Njia za kuyapunguza ni nyepesi. Dawa imezwe baada ya chakula, hata kama ni ndizi mbili za kuchemsha. Daktari anaweza kuanza na nusu kidonge kwa siku chache. Anayesinzia huweza kuhamishia dozi usiku, na anayekosa usingizi akaimeza asubuhi. Aliyesahau dozi asimeze mbili kwa pamoja.

Akamprosati huleta zaidi kuharisha. Maji ya kutosha, au maji ya chumvichumvi yanayotolewa zahanati, humsaidia mgonjwa kuvuka siku hizo.

Zipo dalili zisizovumiliwa nyumbani: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, huzuni nzito au mawazo ya kujiua. Mwenye dalili hizi aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa na vidonge vyake mkononi.

Dawa zinazogongana

Naltreksoni hugombana na dawa zote za jamii ya afyuni: mofini, pethidini, kodini na tramadoli. Tramadoli inastahili onyo la pekee, kwa kuwa wapo wanaoimeza ili wastahimili mizigo, safari ndefu au kazi za machimboni. Akianza naltreksoni mtu ambaye mwili wake umeizoea tramadoli, hupatwa kwa ghafla na arosto kali ya kutapika, kuharisha na maumivu ya mwili mzima. Huhitaji kukaa siku 7 hadi 10 bila dawa hizo kwanza. Ni heri amwambie daktari ukweli kuliko kuuficha kwa haya.

Upo pia upande wa pili. Anayetumia naltreksoni akianguka na bodaboda na kuvunjika mguu, sindano ya mofini haitamtuliza kama inavyowatuliza wengine, na kuiongeza kiholela ni hatari. Kwa hiyo abebe mfukoni karatasi yenye jina la dawa yake, na mtu mmoja wa nyumbani ajue.

Kagera ndiko walikoripotiwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na swali kuhusu ARV huulizwa mara nyingi. Naltreksoni haijulikani kuwa na mgongano mkubwa na dawa hizo. Uangalifu zaidi huhitajika kwa wenye kifua kikuu: dawa zake hulielemea ini ambalo tayari limechoshwa na pombe, hivyo vipimo vya ini hurudiwa. Disalfiramu haipatani na isoniazidi, wala na metronidazoli inayotolewa kwa ugonjwa wa kuhara.

Kutoka kijijini hadi cheti cha dawa

Dawa hizi hazipatikani katika kila zahanati, wala hazinunuliwi dukani kwa kukisia. Safari huanzia kituo kilicho karibu, ambako mhudumu huuliza kiasi cha unywaji na kupima hali ya mgonjwa. Hatua inayofuata ni hospitali, kama Murgwanza na Rulenge kwa watu wa Ngara, au hospitali ya wilaya kwa wa Biharamulo. Penye ugumu zaidi ipo rufaa ya kanda, ikiwemo Bugando jijini Mwanza. Daktari aliyeandika dawa na zahanati ya kijijini wakishirikiana, mgonjwa hahitaji kupanda basi kila anapopatwa na kichefuchefu.

Tiba huchukua miezi, mara nyingi sita au zaidi, na njiani mtu anaweza kuteleza. Aliyekunywa jana kwenye harusi hana sababu ya kutupa vidonge vyake leo. Arudi kliniki, aeleze kilichotokea, aendelee. Familia nayo ina kazi yake: kumpikia kabla ya dozi, kumkumbusha bila kumsimanga, na wageni wanapokaribishwa kwa lubisi, kumwekea yeye kikombe cha chai bila maneno.