Kwa nini TB huua hata walioanza dawa

UGONJWA wa kifua kikuu, maarufu TB, una tiba, na katika vituo vya afya vya umma nchini Kenya dawa zake hutolewa bila malipo. Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaozikwa huku pakiti zao za dawa zingali nyumbani.

Ndipo jamaa wanapoulizana matangani, katika kaunti za Migori na Homa Bay: iweje mtu aliyemeza dawa kila siku afariki?

Jibu ni kwamba dawa huua viini, lakini haziwezi peke yake kuuinua mwili uliofika kituoni ukiwa umedhoofika mno. Tafiti nyingi barani Afrika zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya vifo hutokea katika miezi miwili ya kwanza ya matibabu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6.

Kwa hivyo, aliye hatarini aweza kutambuliwa siku ile ile anapoingia zahanati.

Hatari ya kwanza ni HIV. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi hivyo. Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, na Migori asilimia 13.

Kinga inapoporomoka, TB husambaa mwilini haraka. Aidha, makohozi ya mgonjwa kama huyo huwa na viini vichache, na hadubini yaweza isione kitu. Hapo hurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi, na wiki zikapita bure.

Hii ndiyo sababu mtu mwenye HIV anayeendelea kukohoa, kutokwa na jasho usiku na kukonda hapaswi kuridhika na jibu moja la hadubini. Mashine ya GeneXpert hunasa viini vingi zaidi na hutoa majibu kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa waliodhoofika sana, kipo pia kipimo cha mkojo.

Je, aanze lini dawa za kupunguza makali ya HIV? Utafiti uliofanywa Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa 2010, ulionyesha kuwa walioanzishiwa dawa hizo wakiwa bado kwenye matibabu ya TB walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 56 kuliko waliongojeshwa hadi wamalize.

Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani hupendekeza zianzishwe ndani ya wiki 2, isipokuwa kwa wagonjwa ambao TB imefika kwenye utando wa ubongo. Baadhi huzidiwa kwa muda, kwa kuwa kinga iliyoamka inapambana na viini. Wasiache dawa, warudi kwa daktari.

Hatari ya pili ni uzani mdogo. Utafiti wa jimbo la Jharkhand, India, uliochapishwa 2023, uligundua kuwa wagonjwa waliopewa chakula na wakaongeza uzani kwa asilimia 5 katika miezi miwili ya kwanza, hatari yao ya kufa ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa mgonjwa wa kilo 40, hizo ni kilo 2 tu. Omena, maharagwe, mayai na uji ni sehemu ya matibabu, si anasa.

Hatari ya tatu ni kuchelewa. Miongoni mwa Waluo, kukonda huku kumehusishwa tangu zamani na chira, adhabu ya kuvunja miiko. Familia inaweza kumaliza miezi ikitafuta kosa lililotendwa, ilhali mapafu yanaendelea kuliwa.

Wapo pia wanaocheleweshwa na riziki. Mvuvi wa Mbita huhama ufuo hadi ufuo akifuata samaki, naye mchimba dhahabu wa Nyatike huvuta vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kuyafungulia TB mlango. Kikohozi chake hudhaniwa ni cha kazi.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulibaini kuwa TB iliwaathiri zaidi wanaume, na kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 hawakuwa wakigunduliwa.

Uzee, kisukari na ulevi huongeza hatari. Anayekatiza dawa anapopata nafuu naye hualika TB sugu, ambayo ni ngumu zaidi kutibu.

Basi aliye na mgonjwa nyumbani na aulize mambo matatu siku ya kwanza: amepimwa HIV? Ana uzani gani? Tarehe ya kurudi ni lini? Kisha ampeleke kwenye mizani tena na tena katika wiki nane za mwanzo. Iwapo uzani hauongezeki, asingoje tarehe ya kliniki.