Anza na Maiki, Kamera Itakam

Msee akikusanya ganji yake ya kwanza ya kushuti kontenti, karibu yote inaenda kwa kamera. Anazunguka tao, anacheki madirisha ya Kimathi na Moi Avenue, anauza hadi simu ya zamani, anatoka na bodi ya kamera na lenzi moja, mfuko umekauka. Halafu anaposti video ya kwanza na watu wanatoka kabla haijafika mahali, ju hawaskii kenye anasema. Hii kitu inaniuma. Hao ni wasee wako na talanta, na hiyo doo waliitolea jasho.

Simu yenye uko nayo sai, hata kama ni Infinix ama Samsung ya A, inashuti picha poa sana mchana. Kuna skiti mob zimechapwa na simu tupu na zikabamba Kenya nzima. Kenye simu haiwezi ni kukuskia ukiwa stage ya Railways na nganya za Rongai zimefungulia besi. Ndio maana mi naanza na maiki, na hapo sisongi.

Sauti iko na hesabu yake. Kila ukiongeza umbali mara mbili, inashuka desibeli 6. Weka simu kwa tripodi mita mbili mbele yako, halafu weka maiki kwa kola, sentimita 20 kutoka kwa mdomo. Tofauti ni desibeli 20, na hujalipia kitu, umesongesha tu maiki. Hakuna programu ya kuediti itakurudishia hizo desibeli vizuri, ju hiyo programu haijui kutofautisha wewe na makanga.

Kama mfuko ni mwepesi, tafuta Boya BY-M1, ile ya kubana kwa shati, iko na waya wa mita 6. Haina mambo mingi. Ina ka-swichi: upande wa simu haitumii betri, upande wa kamera inatumia ka-betri kadogo ka LR44. Maiki ikinyamaza, cheki hiyo swichi kwanza kabla uitupe. Simu yako ikikosa tundu la kuchomeka waya wa earphone, utahitaji adapta ya USB-C, na si kila adapta inapitisha sauti ya maiki. Beba simu, chomeka, rekodi na uskize hapo hapo dukani.

Ukiwa na doo zaidi, DJI Mic Mini ndio naipigia kura. Ilitoka Novemba 2024, haina waya, na transmita yake ni gramu 10, so haivuti kola ya tishati chini ikikufanya ukae ni kama umebeba mzigo. DJI wanasema betri ya transmita inafika masaa 11 na nusu, na ukihesabu na keisi ya kuchaji unafika 48. Seti ya transmita mbili, risiva moja na keisi ilizinduliwa Marekani kwa dola 169. Hiyo ni kedo 22K ya hapa kabla ya ushuru na faida ya mwenye duka. Ya transmita moja ilikuwa dola 89, na kwa msee anabonga solo hiyo imetosha kabisa. Kupunguza kelele kuko levo mbili. Kwa tao tumia ya kwanza, ju ya pili inanyamazisha mtaa sawa lakini inakula mwili wa sauti yako pia. Na upepo ukiwa mwingi, valisha maiki manyoya yake, hiyo kitu watu wanaachanga kwa boksi.

Kenye inakosa ni moja, na ni kubwa: Mini hairekodi ndani yake. Mawimbi yakikatika, sauti imeenda. DJI Mic 2, ya Januari 2024, iko na GB 8 ndani ya transmita na inaweza kurekodi kwa 32-bit float, maana yake hata msee akipiga nduru ghafla bado unaweza kuirudisha chini ukiediti bila sauti kuchanika. Kama unashuti harusi ama mahojiano na mtu hatarudi kesho, saka hiyo. Kwa skiti na vlogi, Mini iko fiti.

Sasa memori kadi. Hapa wasee wanaliwa, na wanaliwa bila kujua.

Kadi feki haikatai kufanya kazi, na hiyo ndio ubaya wake. Unaiweka kwa kamera inasoma GB 256, unashuti, unacheki klipu, ziko sawa. Kumbe ndani kuna chipu ndogo sana, labda ya GB 16, na imepangwa idanganye iseme 256. Ngori inaanza ile siku umeijaza. Inaandika juu ya klipu za asubuhi, ama inakubali faili mpya na haziwekwi popote. Fikiria umeitwa ruracio huko Murang'a, umeshuti kutoka mangware, wazee wamebonga, mashosho wameimba, na ukifika keja unapata majina ya faili yamejipanga vizuri na hakuna hata moja inafunguka. Utawaambia nini hao wazee? Doo unaweza rudisha. Hiyo siku huwezi.

Na kuitesti ni bure! Kwa Windows kuna programu inaitwa H2testw, kwa Mac na Linux kuna F3. Zote zinajaza kadi na data hadi juu, halafu zinaisoma tena kucheki kama kila kitu bado iko. Kadi kubwa inachukua masaa, so iache usiku ikijipa ukilala. Usishtuke kadi ya GB 64 ikisoma 59 na kitu. Mwenye kutengeneza anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, kadi ni ile ile.

Halafu soma alama, si namba kubwa. Ile 170 ama 200 imechapwa mbele kwa wino wa kuvutia ni spidi ya kusoma. Wewe unashuti, unadai ya kuandika. Saka V30: hiyo ni ahadi kwamba haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde ikiandika video. Osmo Pocket 3, kamera yenye nitaifikia, mwisho wake ni megabiti 130 kwa sekunde, kama MB 16 hivi, so V30 inaibeba bila presha. Lakini kwa hiyo spidi saa moja inakula kama GB 58, jipange. Kwa maduka ya Luthuli utapata kadi OG na feki zikikaa majirani, na kwa macho ni ngumu kuzitenga. Buy penye unapewa risiti na wanakubali urudishe. Na badala ya moja ya GB 128, shika mbili za 64. Moja ikizingua, nusu ya wera iko salama.

Stima ndio stori inayofuata, na hapa Kenya hakuna haja nieleze sana. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia giza, hadi JKIA. Pawabenki si pambo. Lakini namba imechapwa mbele yake si kenye unapata. 20,000 mAh ni ya betri ya ndani, kwa volti 3.7. Zidisha upate 74 Wh. Inatoka kwa USB ikiwa volti 5, so gawanya: umebaki na 14,800, na bado joto halijachukua yake. Kwa ground tarajia 12,000 hadi 13,000. Kampuni zenye ziko siriasi zinaandika namba ya ukweli nyuma kwa herufi ndogo, igeuze usome. Pawabenki ya 50,000 yenye inaingia kwa mfuko wa jinzi, rudisha kwa meza, hiyo ni stori za jaba.

Hiyo Wh ndio wasee wa airport wanaangalia pia. Hadi 100 Wh unabeba bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege, lakini inakaa nawe juu kwa kebini, haiingii kwa sanduku la chini. Wasee wa kwenda Guangzhou kuchukua mali washike rada: tangu Juni 28, 2025 ndege za ndani ya Uchina hazikubali pawabenki haina alama ya usalama ya 3C. Na kama umetumiwa moja na brathe wa majuu, soma modeli. Juni 2025 Anker waliomba warudishiwe PowerCore 10000 yenye imeandikwa A1263, zaidi ya milioni 1 ziliuzwa Marekani, ju betri yake inaweza kushika moto. Ukiipata kwa keja yenu, usiichaji tena.

Kebo nitapita haraka. USB-C zote zinakaa sura moja, na tabia ni tofauti. Ya kawaida inabeba wati 60. Kufika 100 lazima iwe ya ampia 5 na iko na ka-chipu ndani ka kuambia chaja ukweli. Spidi ya data nayo ni kitu ingine kabisa: kebo mob za kuchaji zinasongesha faili kwa spidi ya USB 2, hata ziwe nono aje. Ukihamisha klipu za 4K kwa hiyo, utangoja hadi chai ipoe.

Haya, kamera. Kama umeshapanga hizo zingine na doo imebaki, kamera moja ndogo inaniambia kitu ni DJI Osmo Pocket 3. Ilitoka Oktoba 2023 na bado inabamba mbaya. Ni gramu 179, inashikika na mkono mmoja, sensa ni ya inchi 1, na kichwa kinakaa kwa gimbali ya mihimili mitatu, so unaweza tembea kutoka Archives hadi Kencom na picha isiruke. Unazungusha skrini yake ya inchi 2, inawaka yenyewe. Slomo ya 4K inafika fremu 120 kwa sekunde. Chaji kutoka sufuri hadi asilimia 80 ni dakika 16 ukitumia chaja kali, na hiyo kwa msee anashuti kutwa ni baraka. Kitu ingine napenda: ni ndogo, haivuti macho ya kila mtu barabarani. Ukiwa na Mic Mini zinashikana moja kwa moja bila risiva.

Nikuambie pia penye inauma. Betri haitoki, so huwezi beba ya spea ukabadilisha. Maji haitaki, mvua ya Aprili ikianza irudishe kwa bagi. Lenzi ni moja, pana, uso wa mtu wa mbali utauvuta kidijitali tu. Picha za kusimama ni megapikseli 9.4, so kama kazi yako ni kupiga watu picha wapeleke zikachapwe kubwa, hii si yako. Na kabla uitumie lazima uiwashe na programu ya DJI Mimo. Kwa Android usiisake Play Store, unaitoa kwa saiti ya DJI wenyewe. Bei ya kuzinduliwa ilikuwa dola 519, kedo 67K kabla ya ushuru. Hiyo ni kodi ya keja ya miezi kadhaa, kwa hivyo usiichukue kama hakuna wera inaingojea.

Kodak Charmera nayo nimeona imewabamba madem wa luku sana. Ni ka-kamera ka gramu 30, unakaning'iniza kwa funguo, kalitoka 2025 kwa dola 30 hivi, na hujui utapata rangi gani hadi ufungue boksi. Megapikseli ni 1.6. Picha zinatoka na ile sura ya simu za 2005, na watoi wa 2004 wanazipenda kwa roho moja. Mi sina shida nayo. Ni ya raha, ya base, ya kumbukumbu za mbogi. Ongeza tu doo ya memori kadi, ju bila kadi inashika picha mbili na imejaa. Usiibuy ukidhani utafanya nayo mboka.

Kama picha ndio mboka, saka kamera ya mtumba, na uende na akili. Beba tochi, toa lenzi, imulike kutoka nyuma uangalie ndani. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui, hiyo ni ukungu, na lenzi imetoka Mombasa ama Lamu penye hewa ina unyevu iangalie mara mbili. Funga lenzi hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe, ikuze kwa skrini: madoa meusi ni vumbi kwa sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Uliza shata imepigwa mara ngapi, ju kamera nyingi za bei ya chini zimepimwa kwa mapigo kama 100,000. Nikon inaandika hiyo hesabu ndani ya faili ya picha yenyewe, Canon nyingi za bei hiyo haziandiki, so hapo utategemea macho yako na hali ya vitufe. Jaribu kila tundu, na la maiki ndio la kwanza. Muuzaji akikataa usiangalie hizo vitu zote kwa utulivu wako, mshukuru uvuke barabara, Luthuli iko na maduka mob.