Kazi ya mwanafunzi isilale mu kabati

Bapapa wengi hapa Tenke wanauliza: mtoto anasoma psikolojia ku Lubumbashi, atatunza wenda wazimu tu? Hapana. Anajifunza namna mtu anawaza, anaogopa, anachoka. Mwenye kutoka zamu ya usiku hana lazima ya kuelezewa sana.

Miaka ya 1950, Union Minière ilikuwa na wataalamu wake wa psikolojia pale Élisabethville. Walipima akili za wafanyakazi na za watoto. Wenye kuuliza walikuwa Wazungu, wenye kujibu ni wazee wetu.

Leo mtoto wa mchimbaji ndiye anabisha mlangoni na karatasi ya maswali. Anaandika TFC, anaitetea mbele ya walimu, kisha inawekwa mu kabati. Basi! Na minerval tumelipa sisi.

Ku Ulaya, wanafunzi wa psikolojia wana chama chao, EFPSA, kilichoanza Lisbon mwaka 1987. Mikutano wanaitayarisha wenyewe. Mmoja anasimama na uchunguzi wake, wenzake wanamshika na maswali: ulihoji watu wangapi? Walikubali? Na yule anayeogopa shefu wake, alikuambia kweli? Kwetu sisi watu wa mine, hilo la mwisho ndilo linapita yote.

Wanafunzi wetu wa UNILU wanaweza kuanza na chumba kimoja cha masomo, Jumamosi moja. Tunaomba tu waongee Kiswahili pia, ili mama aliyewajibu pale mlangoni asikie walichoandika juu ya nyumba yake.