Je, Wajua? Gesi ya Tumbo na Sufuria ya Githeri

Je, wajua kwamba mtu mwenye afya njema hujamba kati ya mara 10 na 20 kwa siku? Mwaka 1991 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliwapima watu 10 waliokula chakula chao cha kawaida na kuongeza gramu 200 za maharagwe. Aliyetoa gesi kidogo zaidi alifikisha mililita 476 kwa siku, na aliyetoa nyingi zaidi 1,491. Wanawake kwa wanaume walikuwa sawa.

Je, wajua kwamba karibu gesi yote hiyo haina harufu? Ni naitrojeni, haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi yetu tu, methani. Uvundo hutokana na gesi zenye salfa, ambazo hazifiki hata asilimia 1. Agosti 2019 kiasi hicho kidogo kilitosha kukatiza kikao cha Bunge la Kaunti ya Homa Bay, wajumbe wakatoka nje kwanza.

Je, wajua kosa la maharagwe? Hayana kosa. Yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, na utumbo wetu mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wakazivamia, zikachachuka humo kama busaa mtungini. Bakteria hao hao hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Ndiyo maana huniuma kusikia mzazi ameacha kuwapikia watoto maharagwe kwa sababu ya gesi, nyumba ikabaki na ugali na sukuma. Protini ya bei hiyo ataipata wapi tena Kitale au Bungoma?

Sukari hizo huyeyuka majini. Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi ukifunua sufuria utakuta punje zimefura, maji yamebadilika rangi na povu limetanda juu. Maji hayo yamwage, usiyapikie! Suuza, tia maji mapya, bandika. Kulowesha huokoa makaa pia: Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, na githeri, yaani mahindi na maharagwe, hukawia kuiva. Magadi huharakisha, lakini huharibu vitamini B1.

Je, wajua kwamba KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, lina mbegu ya maharagwe iitwayo Nyota? Ina chuma na zinki kwa wingi, na husifiwa kwa kuleta gesi kidogo.

Je, wajua kwamba hewa ndani ya ndege iliyo angani huwa na shinikizo linalokaribia lile la Kitale? Gesi iliyofungiwa hutanuka shinikizo likipungua. Kutoka Mombasa hadi Kitale ujazo wake huongezeka kwa karibu robo, kwa hiyo abiria anayelalamika tumbo limemjaa hasingizii.

Na maziwa? Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan, walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zilipata mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayohifadhi uwezo huo. Asiyekuwa nayo hupata nafuu kwa mursik, maziwa yaliyochachushwa, kwani bakteria wa kuchachusha huwa wamekwisha kula sehemu ya sukari kibuyuni.

Gesi yenye uvundo mkali pamoja na kuhara kwa siku nyingi yaweza kuwa giadia, kijidudu cha maji machafu. Damu kwenye choo, au kukonda bila sababu, si jambo la kusubiri. Tumbo likifura na kuuma, huku choo na hewa vyote vimegoma kutoka, hiyo ni dharura. Utumbo huenda umeziba. Hii ndiyo sababu mama aliyejifungua kwa upasuaji huulizwa na muuguzi, wodi nzima ikisikia, kama ameshapitisha hewa. Ajibu bila haya: jibu lake humwambia muuguzi kama utumbo umeanza kazi tena.