Je, Wajua? Vilima vya Jirani Viliwashinda Mabingwa

Barabara ya malori kutoka Nyakanazi kupitia Rusumo inakufikisha Kigali, Rwanda. Septemba 2025, mji huo uliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani. Yalianza 1921, na hii ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Yalichelewa mno!

Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5. Ukijumlisha miinuko yote, walipanda mita 5,475. Hiyo ni karibu sawa na urefu wa Kilimanjaro, wenye mita 5,895.

Kila mzunguko uliwapitisha Kimihurura, mwinuko wa kilomita 1.3 uliotandikwa mawe.

Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka kundini kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Waliomaliza ni 30 tu.